Siku Kumi na Nne za Kubadili Mawazo

Alhamisi, 14 Oktoba

Merrywatt imekufa. Nimesikia redioni nikiwa na tosti mdomoni. Kampuni iliyotuuzia gesi na umeme miaka miwili imefunga milango, na mtangazaji kaisoma habari hiyo kati ya matokeo ya raga na hali ya hewa, kama vile ni paka kapotea. Mke wangu Noreen alinitazama tu, akaendelea kupaka jamu. Miaka thelathini na minane ya ndoa, nazijua aina zote za kutazama kwake. Hii ndiyo ile mbaya.

Maana ni mimi niliyeingiza nusu ya mtaa wa Alder Row kwenye Merrywatt. Nyumba saba! Kwa kila nyumba nilipewa vocha ya duka la bustani. Sasa nina majembe manne. Bustani hatuna, tuna ua wa mawe na mapipa ya taka.

Mmoja tu alinikatalia: Gordon Thackray wa namba kumi na moja, ukuta wake na wangu ni mmoja. Yumo kwenye kampuni ileile aliyokuwa akiitumia marehemu mama yake. Hajawahi kulinganisha bei maishani. Kazi yake kukaa na kasuku wake wadogo sita na kula biskuti. Saa tano kaja mlangoni kunipa pole. Pole! Bora angenicheka.

Mamlaka inayosimamia kampuni hizi inasema mteja asome mita, apige picha, asihame, asubiri kupangiwa kampuni nyingine. Hakuna atakayekatiwa gesi. Noreen kaandika karatasi kaibandika kwenye friji: SOMA MITA. PIGA PICHA. TULIA. Neno la mwisho kalipigia mistari miwili.

Jioni binti yetu Janine kapiga simu. Atatuletea Mabel Jumapili ya tarehe 14 Novemba. Mjukuu wetu wa kwanza, kazaliwa wiki saba kabla ya siku zake, na mpaka leo nimemwona kwenye simu tu. Janine kasema wazi kwamba muuguzi hataki mtoto akae penye baridi. Chumba kikiwa na joto, watakuja. Kisipokuwa na joto, watabaki kwao. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake yupo. Akaomba kuongea na mama yake.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nitulie? Mimi? Miaka thelathini nimekagua tiketi kwenye treni za Leeds. Nimejionea waliotulia. Ndio waliokuwa wakishushwa kituo cha Shipley kwa kukosa tiketi.

Noreen alipokwenda kwa msusi nilipiga simu kampuni ya Castlegate Heat. Nimejiunga nao, nimefunga bei isipande kwa miaka miwili! Binti wa simu, anaitwa Chantelle, alikuwa mkweli kupita kiasi. Alisema bei hii imezidi kile kikomo cha bei cha serikali ambacho nitapewa nikisubiri tu. Nikamwambia mwanangu, kusubiri ni kwa watu kama Thackray. Alisema ni sawa. Alisema pia nina siku kumi na nne za kubadili mawazo, mpaka tarehe 29 saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo anayejitoa analipa faini.

Na kuna zawadi. Nikimleta jirani mmoja, napata blanketi la umeme. Jirani nimeshamchagua.

Noreen karudi na nywele mpya, akauliza kama nimetulia. Nikasema nimetulia.

Jumatano, 20 Oktoba

Siku mbaya. Barua zimeingia mtaa mzima. Wote waliokuwa Merrywatt wamepangiwa kampuni kubwa, kwa bei ya kikomo, na pesa walizokwisha kulipa hazikupotea. Bi Ogden wa namba tatu, aliyekuwa hanisalimii tangu Alhamisi, kanipungia mkono. Wote wamepata barua. Sisi hatukupata.

Noreen akasimama jikoni akaningoja. Kuna kusimama kwingine mtu hawezi kuvumilia. Nikasema kila kitu. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye friji, akaitazama karatasi yake, akarudi.

"Una siku tisa, Clive. Piga simu uwaambie umebadili mawazo. Watu hubadili mawazo kila siku, hakuna anayekufa."

Nikamwahidi. Lakini nikijitoa sasa, Thackray atajua. Kuta zetu ni nyembamba, na yule mtu hana kazi nyingine. Mpango wangu ni huu: kwanza yeye ajiunge. Akishajiunga, mimi najitoa kimyakimya, na blanketi nabaki nalo. Sioni dosari.

Jumapili, 24 Oktoba

Nimemwendea Thackray na karatasi zangu. Chumba chake joto mno, nililazimika kuvua sweta. Eti ni kwa ajili ya kasuku, wakipata baridi wanakufa. Nilimwelezea Castlegate saa nzima. Alikuwa akitikisa kichwa, anakula biskuti, halafu akaniuliza kama nadhani yule wa kijani amenenepa.

Nikamwambia bili yangu ya mwezi itakuwa chini ya yake, aje aone mwenyewe. Ulimi wangu huu! Akasema vizuri, tutalinganisha mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Si kwa ubaya, alisema kama anayenikubalia chai.

Sasa bili lazima iwe chini. Nimeshusha swichi ya joto pale ukumbini kutoka ishirini hadi kumi na sita, nikaziba tarakimu kwa kipande cha plasta. Noreen akiuliza, nitasema ni kwa ajili ya mazingira.

Ijumaa, 29 Oktoba

Siku ya mwisho. Noreen kaenda kazini asubuhi na kofia ya sufu, kaivaa tangu kitandani. Mlangoni kaniambia maneno manne: "Kabla ya saa kumi na moja." Ni zaidi ya manne, lakini yeye aliyasema kama manne.

Nimepiga saa nane na nusu. Muziki. Sauti ikasema mimi ni wa sitini na mbili. Nimekaa kwenye ngazi, blanketi mabegani, simu sikioni. Wa arobaini. Wa kumi na tisa. Moyo umeanza kuniambia niko salama. Nimemfikiria Mabel, vidole vyake kwenye ile picha, vyembamba kama njiti. Nimesema haya, Clive, meza aibu tu, jitoe, hakuna anayekufa.

Saa kumi na dakika ishirini nikawa wa tatu. Mlango ukagongwa. Thackray! Keki ya tangawizi mkononi, kaioka mwenyewe kwa ajili ya zile sherehe za kuwasha mioto wiki ijayo. Akaingia kabla sijasema karibu. Akasema amefikiri. Akasema pengine mimi ndiye ninayejua mambo haya, na yeye amekuwa mvivu, na je, Castlegate ni wazuri kweli?

Na simuni, wakati huohuo, sauti ya Chantelle. Chantelle mwenyewe! Akauliza anisaidie nini.

Thackray amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ananitazama. Kwa heshima. Hajawahi kunitazama hivyo.

Nikakata simu. Nikamwambia Thackray kwamba aliyekuwa simuni ni mtu wa kuuza madirisha. Kisha nikamwambia Castlegate ni bora kuliko wote, na ninalala usingizi mzito. Tukala keki. Akasema basi ataendelea kulifikiria. Aliondoka saa kumi na moja na dakika nane.

Nilipiga tena. Ofisi imefungwa. Noreen karudi, akauliza. Nikasema mambo yote sawa. Mungu anisamehe, alinibusu shavuni.

Jumatano, 10 Novemba

Bili ya kwanza imekuja kwenye simu ya Noreen, si yangu. Sikujua kwamba zinakwenda kwake. Amesoma jina la Castlegate akiwa kantini, mbele ya wenzake. Kulala kwa sasa analala chumba cha Janine cha zamani. Anaongea nami kuhusu mapipa ya taka tu.

Amekipata pia kile kipande cha plasta. Kakibandua, kakiweka kwenye sahani yangu, kando ya yai. Akasema Jumapili akija mtoto nyumba iwe na joto, na hilo ni la mwisho analoniomba. Nikasema nitawasha boila ya kupasha nyumba joto tangu Jumamosi. Nilikusudia kweli. Ila kuwasha siku nzima kabla, kwa bei hii, ni kuwachomea Castlegate pesa wacheke. Saa mbili zinatosha.

Jumapili, 14 Novemba

Saa mbili hazikutosha. Nyumba hii ni ya mawe, baridi imeingia ndani ya kuta na haitaki kutoka.

Wamefika saa saba. Janine kambeba Mabel ndani ya koti lake, kofia tu ndiyo iliyoonekana. Kabla ya kumtoa, katoa mkobani kitu kama yai la plastiki, kakiweka mezani. Ni kipimajoto cha watoto. Kikiwa buluu ni baridi, kikigeuka njano ni sawa. Sisi sote tukasimama kulitazama yai. Buluu. Nikasema labda limeharibika. Janine alinitazama kwa jicho la mama yake.

"Baba, nilikuomba kitu kimoja."

Hapo Thackray kagonga ukutani, kisha mlangoni. Alisikia gari, alitaka kuona mtoto. Akaliona yai, akaniona mimi, na hakusema lolote kuhusu bili. Alisema tu kwake kuna joto, kwa ajili ya kasuku, na kiti cha mama yake ni kizuri kunyonyeshea. Wakaenda. Noreen naye. Keki niliyonunua kaichukua.

Janine mlangoni kageuka. Kaliacha yai mezani. Akasema likigeuka njano niende kuwaita, watarudi, nitampakata Mabel. Sauti yake haikuwa ya hasira. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nimewasha boila mpaka mwisho. Nimekaa na yai. Nusu saa, buluu. Nasikia boila inavyonguruma, na kila mngurumo ni Castlegate wanakunywa damu yangu. Ng'ambo ya ukuta nasikia kicheko. Cha Noreen. Sijakisikia tangu Oktoba. Halafu sauti ndogo, kama mlango unaohitaji mafuta. Mjukuu wangu. Kasuku wakamjibu.

Saa tisa. Nimeegemeza kichwa ukutani ili nimsikie vizuri. Ukuta una joto! Moto wa Thackray uko papo hapo upande wa pili, unawaka mchana kutwa, na joto lake linanijia mimi bila senti. Miaka kumi na tisa kwenye nyumba hii sikuwahi kuligundua hili. Nimechukua yai, nimelibana kati ya mto wa kochi na ukuta.

Saa tisa na robo. Njano! Njano kabisa!

Nimezima boila. Sasa naenda kuwaita.