Nyumba Namba 41 Iliyofika Kibaigwa

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, basi la njano lilionekana limeegeshwa Nzuguni, Dodoma, kando ya barabara ya Dar es Salaam, likiwa na mapazia ya kitenge madirishani. Dirisha la nne upande wa kushoto lilikuwa likitoa mvuke. Mvuke ulinukia iliki.

Huo ndio ukweli wa kwanza. Yote yaliyofuata yanatokana nao, nami nayaeleza hapa kwa nafasi yangu ya Katibu wa Kamati ya Muda ya Utambuzi wa Majengo Yenye Mwelekeo wa Kuhama, iliyoundwa miaka sita iliyopita ili ifanye kazi kwa siku tisini. Umma una haki ya kujua jinsi kamati hii ilivyofikia uamuzi wake wa kwanza.

Tulifika watu wanne: Mwenyekiti, Ndugu Ulimboka; Damas, mwanasheria; Shamimu, mpima ardhi; na mimi, Cornel, mwenye kitabu cha kumbukumbu. Mwenyekiti aligonga ubavu wa basi.

"Hodi humu."

"Karibuni. Viatu hapo mlangoni."

Mwenyekiti alivua viatu. Niliandika hilo, na baadaye lilitumika kama ushahidi, kwa kuwa hakuna mtu anayevua viatu ili apande gari.

Mwenyeji wetu alikuwa Mwalimu Hilaria, miaka sitini na tatu, mstaafu. Basi lilikuwa la shule aliyofundisha, ambayo imeshafungwa. Miaka ya mwisho dereva alikuwa haonekani Jumatatu, kwa hiyo Mwalimu alijifunza kuliendesha na akachukua leseni ya magari makubwa. Shule ilipofungwa, alilinunua. Mbwana, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Majengo, aling'oa viti vyote isipokuwa vinne, akaweka kitanda cha mbao, jiko la gesi, rafu ya vitabu, na juu ya paa tangi la maji na paneli mbili za sola. Viti vinne vilivyobaki vilizunguka meza. Mgongoni mwa kimojawapo palikuwa pamechongwa kwa kitu chenye ncha neno DAMAS.

"Shikamoo Mwalimu," alisema mwanasheria wetu.

"Marahaba, Damas. Kaa kwenye kiti chako."

Damas alikaa, akauegemea mgongo wa kiti hadi maandishi yakafunikwa.

"Mama," alianza Mwenyekiti, "kwa nini usijenge nyumba kama watu wengine?"

"Nimejenga kama watu wengine mara mbili. Ya kwanza ikapigwa X ya kubomolewa, ipishe barabara. Ya pili ikapigwa X ipishe mtaro wa hiyo barabara. Hii ya tatu nimeitia magurudumu. Ikitakiwa kupisha, itapisha yenyewe."

Mwenyekiti alinieleza kwa sauti ya chini kwamba huo ni mtazamo hasi.

Shamimu alivuta futi kamba kutoka katikati ya barabara. Sheria inataka mita thelathini. Basi lilikuwa kwenye mita ishirini na nne. Mwenyekiti alifungua kopo la rangi nyekundu na kuchora X kubwa chini ya dirisha la nne, akiwa peku.

Mwalimu Hilaria hakubishana. Alipanda, akawasha injini, akarudi nyuma mita saba hadi kwenye kipande cha kiwanja chake kilichonusurika na mtaro. Akashuka.

"Nimepisha. Pimeni."

Shamimu alipima. "Thelathini na moja, Mwalimu."

"Basi futeni."

Hapa nieleze utaratibu, maana wananchi wengi hawaufahamu. Alama ya X hufuata jengo. Kuifuta kunahitaji vipimo vipya, na vipimo vipya huchukuliwa mahali palepale palipopimwa mwanzo, ili matokeo yaweze kulinganishwa. Mwalimu aliombwa alirudishe basi. Alilirudisha. Shamimu akapima tena, akapata mita ishirini na nne. X ikathibitishwa na kuongezewa rangi. Mwenyekiti alisema mkono wa pili wa rangi ni wa msisitizo.

"Kwa hiyo lilipokuwa kule lilikuwa halali," alisema Mwalimu.

"Kabisa," alisema Mwenyekiti. "Kule hatukuwa na tatizo nalo lolote."

"Nisikilizeni vizuri. Hili ni gari. Kadi yake hii hapa, usukani ule pale. Gari likisimama vibaya, dereva huambiwa aliondoe. Halivunjwi."

"Lina namba ya nyumba," alisema Mwenyekiti, akaonyesha kibao cha bluu kando ya mlango. Ni kweli. Vijana wa zoezi la anwani walipopita walimkuta Mwalimu anaanika nguo, wakampa namba 41. Namba hiyo imo kwenye daftari, na daftari halijawahi kukosea kwa sababu halijawahi kukaguliwa.

Suala likawa limeeleweka. Likiwa gari, Mwalimu angeandikiwa onyo na kuondoka nalo. Likiwa nyumba, greda lingekuja Ijumaa saa tatu asubuhi. Greda lilikuwa limeshaombwa, na kuliahirisha kunahitaji barua tatu.

"Sina nguvu ya kujenga ya nne," Mwalimu alisema. Aliitamka sentensi hiyo kwa sauti aliyotumia kutukaribisha, akatumiminia chai.

Mwenyekiti alitangaza kwamba shauri litaamuliwa Alhamisi, humohumo ndani, kwa sababu kanuni ya tatu inaitaka kamati ikae ndani ya jengo linalojadiliwa. Aliongeza kuwa chai ni nzuri.

"Damas," alisema Mwalimu, "na mkiamua vibaya, nakwenda wapi?"

"Hakuna pa kwenda, Mwalimu. Kanuni ya nne. Kamati ikishaamua, shauri halifunguliwi tena. Hata tukitaka wenyewe, hatuwezi."

"Popote?"

Damas alitazama kikombe chake. "Kila uamuzi huandikwa na mahali ulipofikiwa. Ukifikiwa ndani ya eneo letu, una nguvu. Eneo letu linaishia kabla ya Buigiri. Ukifikiwa nje ya hapo, ni karatasi tu. Kule hatuna nguvu hata ya kufukuza kuku."

Mwalimu Hilaria alichukua daftari, akaandika, akapigia mstari kwa rula. Sina ushahidi kwamba Damas alisema hivyo kwa makusudi. Alikuwa ameulizwa swali na mwalimu wake.

Alhamisi kikao kilifunguliwa saa nne kamili, Nzuguni. Mahudhurio yalikuwa asilimia mia moja, jambo ambalo kabla ya wiki hiyo halikuwahi kutokea tangu kamati iundwe. Mezani palikuwa na chapati na maharage ya nazi. Gari la ofisi lililotuleta lilirudi likamchukue mgeni wa ofisi.

"Tunataka kuwa wa haki," alisema Mwenyekiti. "Mama anadai ni gari. Sawa. Liwashwe, litembee, tulione. Kikao kiendelee wakati huohuo, tuokoe muda."

"Nitembee mpaka wapi, Mwenyekiti?"

"Wewe tembea tu. Usisimame mpaka kamati ifikie uamuzi."

"Katibu ameandika?"

Nilikuwa nimeandika. Aliniomba nisome, nikasoma. Alimwomba Mwenyekiti atie sahihi pembeni, akatia. Saa nne na dakika tano basi liliingia barabarani na kushika uelekeo wa mashariki.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Mwenyekiti alihoji kwa nini niliandika kwamba alikuwa peku. Nilisema alikuwa peku. Alisema hilo linaweza kueleweka vibaya. Mjadala huo ulituchukua hadi Ihumwa.

Ajenda ya pili ilikuwa maana ya neno gari. Mwenyekiti alitoa maoni yake kwa dakika thelathini na tano, akasema ni kwa ufupi. Shamimu alinyoosha kidole.

"Mheshimiwa, samahani. Naona mandhari inabadilika."

"Mpima, tunajadili jengo. Hatujadili mandhari."

"Tumepita Mtumba."

"Andika kwamba mjumbe alitoka nje ya mada."

Niliandika. Buigiri tulisimamishwa na askari wa usalama barabarani, mama mmoja mwenye glovu nyeupe. Alizunguka basi, akasoma kibao cha namba 41, akaangalia X, akachungulia ndani.

"Shikamoo Mama. Hili ni gari gani?"

"Marahaba mwanangu. Waulize hao wazee, ndicho wanachojadili."

Mwenyekiti alitoa kichwa dirishani. "Afande, hapa hatumo kwenye gari. Tumo kwenye kikao."

Askari alifikiri. "Basi kikao kiendelee," alisema. "Lakini indiketa yenu ya kushoto haiwaki."

Mwalimu alishuka, akaigonga mara moja kwa kiganja, ikawaka. Tukaendelea. Damas aliangalia saa yake, kisha akaomba nafasi ya kuchangia. Mtu huyu kwa kawaida huzungumza sentensi mbili kwa mwaka. Safari hii alieleza historia ya neno makazi tangu enzi za wakoloni, na hakuna aliyethubutu kumkatisha kwa sababu alikuwa anataja vifungu.

Baada ya Chinangali, Mwenyekiti alisema anafumba macho ili atafakari. Alitafakari kitandani, chini ya chandarua, kwa dakika arobaini. Tulimwamsha kwa heshima karibu na Mbande. Alipokaa sawa, uso wake ulikuwa na alama za mto na furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Nimelala," alisema. "Mnaona? Nimelala kitandani, nimejifunika shuka. Binadamu halali hivi ndani ya gari. Halafu viatu nimevua. Halafu kuna chapati. Wajumbe, tunasubiri nini?"

Shamimu alisema tunakwenda kilomita sitini kwa saa. Mwenyekiti alisema mwendo ni hali ya muda, lakini makazi ni tabia.

Kura zilipigwa. Mwenyekiti na Damas waliona ni nyumba. Shamimu aliuliza kama anaweza kutokuwa na upande, akaambiwa mpima ana upande siku zote, akainua mkono. Saa sita na dakika ishirini mchana nilitangaza matokeo: kwa kauli moja, basi ni nyumba, na nyumba itavunjwa.

Basi lilisimama hapohapo. Mwalimu Hilaria alivuta breki ya mkono, akazima injini.

"Mmefikia uamuzi?"

"Tumefikia, Mama. Pole. Ni nyumba."

"Asanteni."

Alifungua mlango. Nje kulikuwa na malori yaliyopangana, magunia ya mahindi yaliyorundikwa kupita kimo cha mtu, na vumbi la pumba. Dalali mmoja mwenye kofia alikuja mbio, akaegemea ngazi.

"Wazee, karibuni. Mnauza au mnanunua?"

"Hapa ni wapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kibaigwa, mzee. Sokoni. Kwani mlikuwa mnakwenda wapi?"

Mimi nilikuwa najaza fomu. Ina nafasi tano: tarehe, saa, jengo, uamuzi, mahali. Nilijaza nne, nikasimamisha kalamu.

"Andika Nzuguni," alisema Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, saa sita na dakika ishirini hatukuwa Nzuguni."

"Cornel. Kikao kilifunguliwa Nzuguni."

"Na nimeandika hivyo. Uamuzi umefikiwa hapa. Kuna kibao pale."

Sote tulikitazama kibao. Nikaandika Kibaigwa, kwa sababu ndiko tulikokuwa.

"Sasa ina maana gani hii?" Mwenyekiti alimgeukia Damas.

Damas alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Uamuzi ni karatasi tu, Mheshimiwa. Tumeufikia nje ya eneo."

"Basi turudi Nzuguni, tuamue tena."

"Kanuni ya nne. Shauri limeshaamuliwa. Halifunguliwi."

"Kwa hiyo hatuwezi kulivunja, na hatuwezi kuamua kulivunja."

"Ndivyo kanuni zinavyosomeka. Aliyezitia sahihi ni wewe."

Pembeni yetu lori moja lilimaliza kupakiwa. Kisha Mwenyekiti alivaa viatu, akaweka tai sawa, akarudi kwenye sauti yake ya kiofisi.

"Mwalimu, shauri limekwisha. Washa, uturudishe Dodoma."

Mwalimu Hilaria alikuwa ameshatandika mkeka kwenye kivuli cha ubavu wa basi, anachambua mchele.

"Niwashe nini, Mwenyekiti?"

"Gari."

"Mmekaa saa mbili na robo, mmeamua kwa kauli moja. Hii ni nyumba. Nyumba haisafirishi watu."

"Mama, acha utani."

"Mwanangu, uamuzi wenu ni wa mwisho. Mimi ni nani niupinge?" Alipeta mchele, akaangalia kama kuna mawe. "Mnakaribishwa chakula. Lakini nyumba yangu haitoki hapa leo."

Mwenyekiti alipiga simu ofisini. Aliambiwa gari bado liko na mgeni. Mabasi matatu ya abiria yalipita, yote yamejaa. Dalali, aliyekuwa amefuatilia shauri zima akiwa ameegemea ngazi, alisema kuna lori linapeleka mahindi soko la Majengo, Dodoma, ila mbele kuna nafasi ya mtu mmoja. Nafasi hiyo alipewa Shamimu, kwa sababu dereva alisema hawezi kumpandisha mwanamke juu ya magunia; sisi watatu tukapangiwa huko juu.

Damas alikuwa wa mwisho kuaga.

"Shikamoo tena, Mwalimu."

"Marahaba. Leo umejieleza vizuri. Kwa nini darasani ulikuwa huongei?"

"Sikuwa nimeulizwa."

Mwalimu aliniomba nakala ya fomu. Nilimpa. Aliikunja mara nne, akaiweka kwenye rafu, katikati ya vitabu. Akachukua kopo la rangi ya njano lililokuwa chini ya kitanda, na brashi, na kabla wali haujaiva sehemu ya chini ya dirisha la nne ilikuwa ya njano tupu.

Saa nane na dakika kumi mchana lori liliondoka Kibaigwa kuelekea Dodoma. Mwenyekiti alikuwa juu ya magunia, safu ya nne, amelikumbatia kopo la rangi nyekundu kwa mikono miwili ili lisimwagikie mahindi ya watu.