Buluu Ni Salama

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema moyo wangu umechoka, nijiandae. Nimejiandaa: nimeazima kamera ya joto ya mkwe wangu, fundi umeme, anayoitumia kutafuta nyaya zinazoungua ndani ya kuta. Penye joto huonyesha wekundu, penye baridi buluu. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Uvimbe mbaya wa titi hunywa damu, damu ina joto. Basi kamera itauona! Bila eksirei, bila mama wa watu kubanwa matiti. Sifi bure mimi. Kesho nafungua kliniki sebuleni.

Jumanne, 4 Machi
Mgonjwa wa kwanza: jirani, mwoka mikate. Titi la kushoto jekundu kama pilipili! Nikampa pole. Akalia. Nikalia. Muuguzi wa ng'ambo ya barabara, yule Bi Kiherehere, akaingia bila hodi na kuuliza mama huyu katokea wapi. Kumbe katokea kwenye tanuri, na njia nzima alikumbatia mkate wa moto, zawadi yangu. Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mwalimu, joto la ngozi halisemi ya ndani. Kipimo ni eksirei ya matiti, hospitalini. Wivu tu. Mkate ulikuwa mtamu.

Alhamisi, 6 Machi
Mdogo wangu kaja. Akioga kagusa kitu titini, kigumu kama punje ya mahindi. Nikampiga picha. Buluu tupu! Nikamwambia nenda kalale, mwanamke, una titi la barafu. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema ndiyo maana wazazi walikusomesha wewe. Nilivimba kichwa mpaka jioni.

Jumapili, 9 Machi
Nimemringia Bi Kiherehere ugani: mdogo wangu ana uvimbe, lakini buluu! Akaangusha nguo alizokuwa akianika. Akauliza uvimbe gani, tangu lini, na hakungoja jibu. Alikwishashika njia kumfuata kwake. Kesho anampeleka hospitali. Kaniibia mgonjwa!

Ijumaa, 14 Machi
Eksirei imeuona. Sindano ya kuchota nyama ya uvimbe imethibitisha. Saratani, bado changa, wanasema imewahiwa.
Ningefunga domo langu Jumapili ile, angelala na buluu yangu mpaka kaburini. Mkinizika, jueni hilo: ninayempenda kuliko wote, nilikaribia kumzika kwa elimu yangu. Nimemwomba radhi. Kasema dada, acha kulialia, nishikie mkoba.

Jumamosi, 29 Machi
Uvimbe umetolewa. Madaktari wana matumaini. Kalala kitandani kwangu, baada ya kuniapisha nirudishe kamera. Nimeapa, mkono juu.
Kope zake zilipofumba tu, nikamwelekezea. Kuhakikisha. Mwekundu, utosini hadi nyayoni! Yu hai! Nani kasema haioni?
Kesho namwita mwoka mikate. Yale magoti yake yananitia shaka.