Kibali cha Veri

Wananchi wote wa tarafa yetu, huku upande wa Ubaruku, tulitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu neno "veri" litatumika kwa kibali tu.

Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa Katibu Tarafa, Bwana Edmund, mwaka sabini na nne, ule wa njaa. Tulishukuru. Kweli tulikuwa tunalichezea. Mtu anakunywa uji anasema ni veri tamu, wakati neno hilo Wazungu wamelileta kwa kazi maalumu ya kuongeza uzito. Mbeya mjini barua yenye veri inasomwa kwanza. Isiyo nayo inangoja.

Mgawo ulioandikwa chini yake ulikuwa wa haki. Katibu Tarafa, bila kikomo. Balozi wa nyumba kumi, veri moja kwa mwezi. Mwananchi wa kawaida, hana.

Sisi tulikuwa wiki ya tatu tunakula mlenda bila ugali. Balozi wetu Kashindye, mama wa watoto sita, akapeleka barua ya kuomba mahindi: "Njaa ni veri." Bwana Edmund alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sahani ya wali. Akashika kalamu nyekundu.

"Mama, mmekufa?"

"Bado, mzee."

"Basi si veri."

Akalikata neno, akamrudishia karatasi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaandika Mbeya kwamba hali ya tarafa ni veri veri nzuri.

Kashindye alisimama mlangoni akalisoma tangazo lote, mpaka chini, halafu akazunguka kwa mabalozi wenzake kumi na mmoja. Kila mmoja akatoa veri yake ya mwezi. Barua ikaenda Mbeya na dereva wa lori: njaa ni veri, mara kumi na mbili, kila veri na sahihi yake.

Mbeya ni wataalamu, wakahesabu. Kumi na mbili inazidi mbili. Mahindi yakaja, na bwana mkubwa mmoja juu yake. Akafunua vyungu vyetu, akafunua na cha Bwana Edmund. Kisha akasema kuanzia saa hiyo Bwana Edmund ni mwananchi wa kawaida, ashushe magunia na wenzake.

"Mzee," akasema Bwana Edmund, "mgongo unaniuma veri."

Kashindye akaangalia tangazo, mstari wa mwisho.

"Umekufa?"

"Bado, mama."

"Basi si veri. Beba."