Pua ya Vifaranga

Jumatatu, 4 Machi

Mke mwenzangu amerudi kazini. Mke mwenzangu ndiye mjukuu wangu. Marehemu babu yake alimposa angali kwenye nepi, nami sijamtaliki mpaka leo.

Ameniachia boksi la vifaranga jikoni na kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni. Anasema ndani yake kuna tovuti, na tovuti hiyo haikai kwingine kokote. Inakaa humo humo, juu ya kabati langu la vyombo. Nikamuuliza inakula nini. Umeme tu, bibi.

Waya mmoja unakwenda kwenye taa ya vifaranga. Mwingine unaishia na kichuma kinachosikia joto. Hicho nimekiita Pua. Pua ikisikia baridi, taa inawaka. Ikisikia joto, inazima. Naye huko aliko anaona yote kwenye simu, kwa hiyo, amesema, hana tena haja ya kuja kila mara kuwaangalia.

Hapo ndipo nilipoichukia ile sabuni.

Jumanne, 5 Machi

Jirani yangu Mshonaji kanichungulia uani. Eti binti yake huja kila Jumamosi, wangu je? Nikamwambia wangu yupo ndani muda wote, kabatini. Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Tutaona. Pua ikisema vifaranga wanaungua, mtu atakuja mbio. Na kwapa langu lina moto, marehemu alikuwa akilalamika. Nikaitia Pua kwapani, nikakaa nayo tangu chai ya asubuhi mpaka mchana.

Simu ikalia. Mjukuu kafurahi. Joto safi kabisa, bibi, hata mimi siwatunzi hivyo. Kumbe kwapa la bibi ndilo joto hasa wanalolitaka.

Vifaranga wenyewe taa ilikuwa imewazimikia. Nimewakuta wamerundikana pembeni kama wanaoteta. Nimewafunika kwa sweta langu, nikawaomba radhi.

Jumatano, 6 Machi

Moto umeshindwa, basi baridi. Pua nimeitumbukiza kwenye jagi la maji. Taa ikawaka na kugoma kuzima. Vifaranga niliwahamishia kwanza kwenye beseni chini ya meza, na sweta lao. Mimi si muuaji.

Simu nikaizima. Mtu akishapata jibu kwenye simu, aje kufanya nini?

Aliyekuja ni Mshonaji, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Mjukuu kampigia. Tovuti inasema boksi limepoa kama kisima na bibi hapokei, tafadhali shangazi, kaangalie kama yu hai. Tangu lini huyu akawa shangazi?

Akatazama jagi. Akanitazama mimi. Akauliza hiyo chai ya waya namchemshia nani.

Nilingoja aende akatangaze mtaani. Akavuta kiti. Akasema binti yake haji kwa ajili yake. Huja akigombana na mumewe: analia, anakula, anaondoka. Nikammiminia chai ya majani. Pole sikumpa, nilimwongezea sukari.

Alhamisi, 7 Machi

Kaja. Kaomba ruhusa kwa bosi akisema bibi yake anakufa, kanikuta naosha masufuria. Kanikumbatia, kisha kanifokea, kisha kalia. Nikamwambia achague moja.

Akanionyesha mstari wa joto la Jumanne kwenye ile tovuti. Umenyooka vizuri, ila una vishimo. Kila kishimo ni bibi kanyanyua mkono kushika kikombe. Akauliza ni kifaranga gani anakunywa chai vikombe vinne.

Akasema bosi hatamwamini tena, kwa hiyo nikimtaka nimwite, nisimtishe. Akaweka kitufe kwenye tovuti, kikubwa, cha kijani, nikione kwenye simu yangu. Nikikibonyeza simu yake inalia, na mwisho wa wiki anakuja. Pua kaifungia kwenye kikapu cha waya chenye kufuli. Ufunguo kaondoka nao.

Nimeapa kwa kaburi la mume wetu kwamba sitamtisha tena.

Jumapili, 10 Machi

Kitufe nimekitazama tangu jana. Mtu mzima habonyezi mtu kama taa. Akija, nitajuaje kama amekuja au nimemuwasha?

Mshonaji naye kaja, hana kicheko. Binti yake kapatana na mumewe. Jana hakuonekana, wala hakupiga simu. Kakaa, kakitazama kile kikapu. Kauliza matundu yake yana upana gani.

Sasa kashika sindano yake ndefu ya magodoro, ameifunga kitambaa kibichi kwenye ncha, anaipenyeza taratibu hadi kwenye Pua. Mkono wake hautetemeki, lazima nimsifu. Mimi nimeshika jagi. Simu zote mbili tumezima.

Vifaranga, walipoliona tu jagi, wameingia kwenye beseni wenyewe. Wao angalau wamejifunza kitu.