Jinsi Kwanini Alivyokiteka Chuo Kikuu kwa Simu ya Mama Yake

Nyamazeni, enyi mlioketi na mliosimama! Zimeni redio, epueni masufuria, mwambieni anayepiga simu kwamba mmesafiri. Kwa maana hapa hayasimuliwi mambo ya wafalme waliobomoa kuta za miji, wala ya majemedari waliovuka jangwa bila maji, bali jambo zito kuliko hayo yote: namna Kwanini, binti wa mchomeleaji, alivyokizingira Chuo Kikuu kwa simu ya mama yake yenye kioo kilichopasuka, akakiteka siku ya Jumamosi kabla ya chakula cha jioni.

Jina la Kwanini hakupewa na wazazi. Alilipata kwa juhudi zake mwenyewe tangu alipojua kusema, na ndilo lililowatimua walimu wa fizikia, mmoja akahamia shule nyingine, mwingine akahamia somo la kilimo. Sekondari alikuwa ameimaliza. Sasa alitaka jambo moja tu chini ya jua: mwaka mmoja wa kukaa nyumbani akisoma hesabu na fizikia ya chuo, ili mtihani wa kuingilia ukija umkute na upanga mkononi.

Lakini mama mdogo, malkia wa saluni, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi kuliko vidole, alikuwa amekwisha kumpangia kazi. Jumatatu Kwanini akaanze kuosha vichwa vya watu. Na baba, Bwana wa Cheche, muunga mageti, mtisha vyuma, alitoa hukumu asubuhi ile akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mwanangu, sikukatazi kusoma. Lakini utasoma nini? Vitabu hatuna, mwalimu hatuna. Unaniambia vyuo vikuu vinaweka masomo yao kwenye mtandao, kila mtu achukue bure. Bure? Chuo kikuu kigawe masomo kama duka linavyogawa kalenda?"

"Vinagawa, baba."

"Haya. Nikirudi jioni nionyeshe. Masomo yenyewe, siyo matangazo. Nikiyaona, mwaka ni wako. Nisipoyaona, Jumatatu ushike shampuu."

Akavaa miwani yake ya kazi kama kofia ya vita, akatoka.

Sasa jueni kwamba katika nyumba ile mtandao ulikuwa na maringo. Vyumbani hauingii, sebuleni hausogei. Ulikuwa ukizuru dirisha la jikoni tu, pale kati ya kopo la chumvi na sponji la vyombo. Aliyeutaka aliisimamisha simu ndani ya kikombe cha plastiki, ikaegemea nondo za dirisha, naye akasoma akiwa wima, kama mtu aliyekwenda kumtazama mfungwa. Hapo ndipo shujaa wetu alipopiga kambi. Akakunja mikono ya gauni, akamwomba Mola, akaandika: *masomo ya fizikia ya chuo kikuu bure kabisa.*

Lo! Wakaja. Wakaja kwa makundi, kwa vifijo, kwa rangi zinazoumiza macho. Wa kwanza alikuwa tovuti yenye vitufe vitatu vya kijani, kila kimoja kimeandikwa PAKUA HAPA. Kwanini akakipiga cha kushoto: dawa ya kuotesha nywele. Akakipiga cha kulia: mwanamke asiyemjua akamwambia amemkumbuka sana. Akakipiga cha katikati, simu ikatetemeka na kutangaza kwamba ina virusi, na ikatangaza kwa furaha kabisa.

Akamkimbia huyo, akakutana na wa pili, mpole wa sura. Huyu alimwonyesha ukurasa wa kwanza wa kitabu cha hesabu, safi, unasomeka. Alipogeuza wa pili akaukuta umefunikwa ukungu, na juu ya ukungu pameandikwa: weka namba ya kadi ya benki. Kadi ya benki! Kwa binti ambaye kadi pekee aliyowahi kumiliki ni ya kliniki!

Wa tatu alikuwa lango tupu, lenye matundu mawili: jina na nenosiri. Kwanini akajaribu jina lake, akajaribu la mama, akajaribu la mbwa wa jirani. Lango likamtazama kama karani anavyomtazama mtu aliyefika wakati wa chai.

"Bado unapigana tu?" akauliza mama, aliyekuwa nyuma yake akimenya viazi.

"Nazingira, mama."

"Zingira na hivyo vitunguu, vinaungua."

Kwanini akakoroga vitunguu kwa mkono wa kulia na kusaka elimu kwa mkono wa kushoto. Jua likaanza kuinama. Jasho likamtoka. Akafoka: "Enyi mabahili wa dunia! Hivi hakuna hata mmoja anayetoa?"

"Wewe nawe," mama akasema, "ukisimama barabarani ukapiga kelele kwamba unataka vya bure, unadhani atakuja nani? Si matapeli?"

Mwiko ukasimama hewani. Kwanini akamtazama mama yake, akaitazama simu. Kweli kabisa! Neno *bure* ndilo alilokuwa akilipuliza kama tarumbeta tangu asubuhi, na kila tapeli wa mtandaoni alikuwa akiitika. Mwanafunzi wa chuo haandiki bure. Mwanafunzi wa chuo anaandika somo lake!

Akalifuta. Akaandika upya, kwa sauti ya mtu mwenye darasa la kuwahi: *mekanika, mwaka wa kwanza, maelezo ya mihadhara, maswali ya mazoezi.* Na katika majibu hakugusa ila anwani za vyuo vyenyewe.

Ukafunguka ukurasa. Ewe msikilizaji, ukurasa wenyewe ulikuwa mbaya! Mweupe kama ukuta wa zahanati, maandishi ya bluu, picha moja ya mhadhiri iliyopigwa upande, amevaa kofia ya baiskeli. Hakuna kitufe cha kijani. Hakuna aliyemkumbuka mtu. Ulikuwa mbaya kwa namna ambayo hakuna tapeli anayejiheshimu angeweza kuuvumilia. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Maelezo haya ni huria. Soma, nakili, mpe mwenzako.*

Akagusa. Pakafunguka. Mekanika, mawimbi, kalkulasi, aljebra ya matriki, mazoezi, mitihani iliyopita, na majibu yake. Lango halikuwepo. Miaka yote halikuwepo!

Akabonyeza kupakua, faili likaanza kushuka, taratibu, kama bibi anayeshuka ngazi za hospitali. Na lilipofika katikati, simu ikalia. Mama mdogo.

Simu ile haikuweza kuzungumza na kupakua kwa pamoja. Ukipokea, mtandao unakatika na faili linaanza upya. Mama akanyoosha mkono.

"Mama! Kwa maziwa uliyoninyonyesha, usipokee!"

"Ni mdogo wangu huyo."

"Mdogo wako akianza salamu jua linazama!"

"Atasema nimemnunia."

"Sema ulikuwa bafuni!"

"Nilisema hivyo juzi, akaniuliza kama tumbo limepona."

Simu ikalia, ikalia. Mama akaificha mikono yake ndani ya kanga, akauma mdomo, akavumilia kama ngome. Mlio ukakoma. Na juu ya kioo kilichopasuka yakatokea maneno: *Faili limehifadhiwa.*

Bwana wa Cheche aliporudi, mezani alikuta sahani, na mbele ya sahani yake, simu.

"Hiki ndicho chuo kikuu? Mbona kibaya hivi?"

"Ndio uzuri wake, baba." Kwanini akasimama, akasoma swali la kwanza lililomjia: "Ngazi imeegemea ukuta usio na msuguano. Fundi wa rangi anaanza kuipanda. Je, atafika umbali gani kabla ngazi haijateleza?"

Baba akashusha kijiko. "Nani ameishika chini?"

"Hakuna."

"Hakuna? Chuo kikuu kizima, hakuna hata mtu mmoja wa kushika ngazi?"

"Ndivyo swali lilivyo."

"Na sakafu?"

"Sakafu ina msuguano."

"Afadhali." Akaegemeza kijiko kwenye jagi, kikateleza. Akakiegemeza tena, wima zaidi, akakigusa juu kwa kidole. "Sasa atafika wapi?"

"Sijui bado, baba. Ningelijua hilo ningeomba mwaka wa nini?"

"Majibu si yapo?" mama akasema. "Fungua tule."

"Usifungue!" akanguruma Bwana wa Cheche. "Asiguse mtu! Atalitafuta mwenyewe."

Simu ikalia tena. Safari hii baba, ambaye huwa hapokei simu isiyo yake, aliinyakua.

"Shemeji, salama. Jumatatu haji... Hapana, si mgonjwa. Kuna mtu yuko juu ya ngazi huku, na hakuna aliyeishika." Akakata.

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, na mpigie mstari: kwamba Chuo Kikuu kilitekwa Jumamosi, pasipo damu, na kwamba fundi yule wa rangi, aliyekuwa ananing'inia ukutani miaka na miaka bila wa kumjali, usiku huo alipata nyumba nzima iliyoacha chakula kipoe ikimngoja ashuke salama.