Boti Yetu Sebuleni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu ametamka. Boti ikihama tena sisi tukiwa nchi kavu, tunahamia nyumba ya kupanga. Nyumba isiyotembea, kasema. Boti hii ndiyo kwetu tangu tuoane. Kitanda nimekipigilia misumari mwenyewe, ndiyo maana kimepinda! Jumapili tumealikwa kwa mama yake, na lazima kabla ya hapo nimwonyeshe kwamba boti inaweza kuachwa peke yake. Njia ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Simu yangu ya zamani sasa inakaa botini, kazi yake kujua tulipo. Nimeichorea duara kwenye ramani, nanga katikati. Boti ikitoka nje ya duara, simu ya mke wangu inapiga king'ora popote alipo. Duara nimelifanya dogo sana. Sitaki mchezo!

Jumatano, 5 Machi
King'ora asubuhi. King'ora mchana. King'ora mke wangu akiwa anaoga, akatoka mbio na povu kichwani. Kumbe nanga haijasogea. Maji yamegeuka, na boti ikageuka nayo. Jirani yetu wa boti ya kijani, mama mtu mzima, mwalimu wa michezo mstaafu ambaye mpaka leo anavaa kipenga shingoni, akapaza sauti kwamba duara ni dogo, niliongeze. Nani kamuuliza? Mke wangu akamshukuru. Wakacheka wote wawili. Nimewaona.

Alhamisi, 6 Machi
Duara siongezi ng'o. Badala yake nimevuta mnyororo wa nanga, nikaufupisha. Boti haizunguki tena ovyo. King'ora kimya kabisa! Mwalimu Kipenga akataka kujua kama nina akili timamu, maana mnyororo mfupi na upepo mkali ndiyo nanga kung'oka. Nikamwamkia shikamoo, nikaingia ndani.

Jumapili, 9 Machi
Aibu tupu. Tumepiga makasia hadi ufukweni kwa mtumbwi wetu, hatujapiga hatua, king'ora! Tukageuka. Boti ipo palepale. Nikamweleza mke wangu kwamba mitambo nayo huwa na wasiwasi.

Kwa mama mkwe, katikati ya chakula, king'ora tena. Ramani ikaonyesha boti iko sebuleni, karibu na kabati la vyombo. Nikapapasa mfukoni. Simu zangu zote mbili zina kava jeusi. Nimebeba ile ya boti, yangu nimeiacha kitandani! Mama mkwe alicheka mpaka akavua miwani, akasema karibuni, iegesheni popote. Mke wangu hakucheka. Aliuliza boti inalindwa na nani. Upepo ulishaanza kutikisa madirisha. Tukaaga.

Kufika ufukweni, boti haipo! Mke wangu akanishika mkono. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nilitegemea matusi. Kisha tukaiona, imefungwa ubavuni mwa boti ya kijani. Mwalimu Kipenga alikuwa ameiona ikijiondokea, akapuliza kipenga mpaka koo likamkauka, halafu akanipigia simu. Simu ikaita ndani ya boti inayokimbia! Akaifukuza kwa kimtumbwi chake, akaitupia kamba. Nilitaka kumkumbatia Mwalimu. Nikaishia kumwamkia shikamoo nyingine.

Jumatatu, 10 Machi
Hatuhami! Mke wangu ameamka anacheka peke yake. Kila akikumbuka boti kando ya vyombo vya mama yake, anaanza upya. Amesema nyumba ya kupanga ingemchosha. Nusura nilie. Sharti ni moja tu, nanga aipange Mwalimu. Basi Mwalimu kaja, kauachia mnyororo wote, kapanua duara, kaondoka. Upepo umevuma tangu asubuhi na boti imetulia tuli. King'ora hakijalia hata mara moja.

Yaani mtambo wangu unafanya kazi! Ulihitaji muda wa kuzoea tu. Nimemweleza mke wangu hivyo, akanibusu kwenye kipara, akaenda kuanika nguo.

Ila duara hili ni kubwa mno, linanitia aibu. Mwalimu kajilaza, mapazia kashusha. Nimelipunguza. King'ora kikalia.

Basi nimevuta mnyororo. Kidogo tu.