Kengele ya Mnada na Mikia ya Get

Jumatatu, 10 Februari 2025. Mafinga.

Nimekwisha! Jana baada ya ibada Mchungaji katangaza kwamba Jumapili ijayo anakuja mgeni kutoka usharika rafiki wa ng'ambo. Mnada wa sadaka, ule wa kunadi kuku na mazao ya waumini, uendeshwe kwa Kiingereza pia, mgeni asikae kama gogo. Kauliza nani ataweza. Kabla Sosthenes, yule mwalimu mstaafu, hajafungua mdomo wake wa meno ya bandia, mimi huyo nimesimama. Nikasema kengele ya mnada ni yangu tangu kanisa likiwa la mabanzi, na Kiingereza nimekinywa kwa mabosi wa kiwanda cha mbao. Uongo! Mabosi waliniambia neno moja tu miaka yote: faster, yaani haraka.

Sosthenes kasema atakaa kiti cha mbele na kengele ya akiba. Ya akiba! Nikikwama, mnada ni wake. Na mimi bila mnada ni nani? Mzee wa kuombewa tu.

Jumanne, 11 Februari.

Nimekwenda kwa Payal, yule mama wa Kihindi auzaye misumari na bawaba. Nikamwambia nataka Kiingereza cha kufika Jumapili. Kacheka mpaka kaegemea makopo ya rangi. Akasema, Babu, shika kitenzi kimoja, get, hicho unakiunga mkia wowote utakao.

Mikia ya kutisha! Get up, simama. Get down, shuka. Get in, ingia. Get out, toka. Get over, kupona jambo lililokuuma. Get by, kuishi kwa kuungaunga, yaani mimi. Get away with, kutenda ubaya usikamatwe. Huo nimeupenda, nimemwomba aurudie.

Lakini get simwamini. Ni kama kijana asiye na kwao. Leo akiwa na huyu ni fundi, kesho akiwa na yule ni mwizi wa mbao.

Jumatano, 12 Februari.

Mazoezi. Nimemwambia mke wangu Bertha get up. Hajainuka. Nimemwambia get out. Kanitupia jicho, nikatoka mwenyewe. Mbuzi kapanda juu ya mbao zangu, nimemwamuru get down, kanitazama vilevile anavyonitazama Sosthenes.

Nimeota mikia yote inanifukuza kanisani, Sosthenes anagonga kengele nyuma. Nimeamka nimelowa jasho. Bertha kasema niende kwa Mchungaji nikaseme ukweli. Ukweli! Mwanamke huyu hanitakii mema.

Ijumaa, 14 Februari.

Akili imekuja! Sosthenes anapenda mtogwa, yaani ulanzi wetu wa mianzi uliogemwa leoleo, mtamu, hata mtoto anapewa. Mkangafu, ule uliolala ukakasirika, hagusi. Anasema ni wa watu wa aina yangu. Basi nimechukua mkangafu, nimeutia sukari, nimejaza dumu langu la bluu. Kesho nampelekea, zawadi ya amani. Jumapili atakuwa anakoroma. Wa akiba asipokuwepo, hata nikibweka, kengele inabaki kwangu.

Jumamosi, 15 Februari.

Nimepeleka. Kapokea kwa mikono miwili. Kanisalimu kikwetu: Kamwene, mnyalukolo, ndugu yangu, kumbe nawe una moyo! Nimerudi naimba.

Nikamsimulia Bertha. Kaacha kuchambua maharage. Kaniuliza kama uzee umenila kichwa chote. Nimesahau kwetu ulanzi wa zawadi haunywewi kimyakimya kama kuna mgeni? Unaanza kwa mgeni! Na mgeni kafikia kwa Mchungaji. Na Mchungaji ni mtu wa Mbeya, ulanzi haujui, atammiminia kama juisi.

Nimekimbia kwa Sosthenes. Mkewe kasema ndiyo kwanza katoka, na dumu mkononi.

Namwona mgeni kalala chali. Namwona askari mlangoni. Nimejifunika blanketi, nasema get away with, get away with, kama sala.

Jumapili, 16 Februari.

Mgeni kaja kwa miguu yake. Asante Mungu! Ila uso mwekundu kama nyanya, na katikati ya mahubiri kafumba macho, ndevu zimelala kifuani. Sosthenes yu macho kama bundi, kengele pajani.

Mnada ukafika. Nikainua jogoo. Nikatafuta Kiingereza, sikukiona. Sosthenes akaanza kunyanyuka. Hapo mikia yote ikanitoka kwa mkupuo: Get up! Get in! Get down! Get over!

Mgeni kashtuka. Kasimama! Kaja mbele, kamkumbatia jogoo, wakacheza wote wawili mbele ya kwaya. Kamnunua, kamrudisha anadiwe tena, kamnunua tena. Kanunua miwa. Kanunua maparachichi. Kanunua kofia ya mzee wa kanisa, ambayo haikuwa ya mnada. Mchungaji kafuta machozi, kasema hajapata kusikia Kiingereza chenye upako namna ile. Kengele ni yangu!

Mlangoni Sosthenes kanirudishia dumu tupu. Kaninong'oneza. Lilipofunguliwa kwa Mchungaji, pua yake Sosthenes ilijua mara moja ni mkangafu, ila kabla hajasema neno mgeni alishamaliza kikombe na anaomba cha pili. Kasema asante, mnyalukolo. Jambo hili atalitunza moyoni mpaka siku atakayoitaka kengele.

Nimelipokea dumu, nikalificha chini ya koti.

Jumatatu, 17 Februari.

Sijalala. Sosthenes kapita mbele ya nyumba asubuhi, kapita tena mchana, anapiga mluzi. Kila mluzi nachungulia dirishani. Bertha kasema nikatubu, nitapona.

Nimekaa, nimejichunguza kwa unyenyekevu, kosa langu nimeliona. Ni dumu. La bluu, Mafinga nzima inalijua! Nimenunua la njano.

Nikiwa hukohuko dukani nimemwambia Payal kwamba Mchungaji ananitaka nikatafsiri kwenye mkutano wa Mbeya, mbele ya maaskofu, na nimekubali. Kashika kichwa. Kasema basi tuanze take, nayo ina mikia mirefu zaidi.

Sosthenes naye anakuja Mbeya. Mkangafu nimeshautega.